Klampu Ndefu za Kazi ya Nyumbani: Namna ya Kuzichagua na Kuzitengeneza

Meza ya upana wa futi mbili haitoki kwenye mbao moja. Katika yadi za Eldoret mbao ya saiprasi inayopatikana kwa urahisi ni ya inchi 6 kwa 1, kwa hiyo anayetaka meza ya sebuleni hana budi kuunganisha mbao nne ubavu kwa ubavu. Hapo ndipo kazi ya wengi huharibika. Mbao zikipigiliwa misumari juu ya fremu bila kuunganishwa, kiangazi cha Desemba hadi Februari huzikausha, zikasinyaa na kuacha nyufa za kupitisha makombo. Zikitiwa gundi na kubanwa sawasawa, huwa ubao mmoja. Ukijaribu kuuvunja, saiprasi yenyewe hupasuka kabla ya gundi kuachia. Kinachotenganisha meza hizo mbili ni klampu ndefu.

Klampu fupi za umbo la G zinauzwa karibu kila duka la vifaa vya ujenzi. Ndefu ni ghali, na mtu anayejitengenezea meza moja mwaka huu na kitanda kimoja mwaka ujao huona uzito kununua nne au tano kwa mpigo. Anayeishi mtaa wa Huruma, hapa Eldoret, ana njia nyingine. Mtaa una wachomeleaji wa milango, madirisha na mageti, na duka la vyuma haliko mbali. Tyubu moja ya chuma, rodi moja ya thredi na kazi ya mchomeleaji vinatosha kwa klampu nne za kumfaa mtu maisha yake yote.

Shauri langu kuu ni hili: pesa zako ziweke kwenye mhimili, yaani ule mwili mrefu wa klampu. Taya, mkono na pini unaweza kuvipata kwenye mabaki ya chuma. Mhimili unaopinda hauna dawa.

Kazi ya klampu, na isiyo kazi yake

Klampu haisahihishi kiungo kibaya. Mbao mbili zilizorandwa vibaya zinaweza kulazimishwa zikutane kwa nguvu ya skrubu, lakini zitakaa zikivutana na gundi usiku na mchana hadi siku gundi itakapochoka. Kabla ya kufungua chupa ya gundi, simamisha mbao moja juu ya nyingine ubavu kwa ubavu, uziangalie ukiwa umeelekea mwanga wa mlango. Mwanga ukipenya popote, rudi kwenye randa. Kiungo kiko tayari pale unapoweza kukifunga kabisa kwa kukisukuma kwa mikono miwili. Klampu inakuja kuishikilia hali hiyo na kukamua gundi hadi ubaki utando mwembamba.

Klampu pia haizuii mbao mbichi kusinyaa. Mbao nyingi hufika yadini zikiwa na maji mengi, na jicho haliwezi kuyapima. Kata kipande kirefu kiasi, mbali kidogo na ncha ya mbao, kiweke pamoja na mbao zako mahali penye kivuli na hewa, kisha ukipime kwa mizani kila wiki. Uzito ukikoma kushuka, mbao imekauka kulingana na hewa ya hapa. Anza kazi hapo, si kabla.

Urefu gani, na ngapi

Urefu wa klampu hupimwa kwa nafasi iliyo kati ya taya, si kwa urefu wa chuma. Orodhesha vitu unavyokusudia kutengeneza. Meza kubwa ya kulia chakula ina upana wa futi 3, yaani karibu milimita 915. Kitanda cha 5 kwa 6 kina upana wa milimita 1,524. Mlango wa kawaida haupiti futi 3 kwa upana. Hivyo nafasi mbili zinatosheleza nyumba nzima: mita 1 kwa meza, milango na makabati, na mita 1.6 kwa vitanda.

Tyubu za chuma kwa kawaida huuzwa za mita 6. Ipime dukani kabla ya kulipa, kwa sababu nyingine huwa fupi kidogo. Kichwa cha skrubu na taya za pande zote mbili hula karibu sentimita 20 za mhimili, kwa hiyo kata vipande viwili vya mita 1.8 na viwili vya mita 1.2. Jumla ni mita 6 kamili, na hakuna kinachobaki kutupwa zaidi ya unga wa msumeno.

Idadi nayo ina hesabu yake. Nguvu ya taya husambaa ndani ya mbao kwa pembe ya takriban nyuzi 45. Mbao ya pembeni yenye upana wa inchi 6 hupeleka nguvu kwenye kiungo kwa inchi 6 upande huu na inchi 6 upande ule wa taya. Klampu moja, basi, hutosha futi moja ya urefu, na meza ya futi 5 inataka klampu tano.

Hesabu ya nguvu inatoa jibu hilohilo. Kwa mbao laini kama saiprasi, kipimo kinachopendekezwa ni kilo 7 hadi 10 kwa kila sentimita mraba ya kiungo. Kiungo cha meza ya futi 5, unene wa milimita 22 baada ya randa, kina karibu sentimita mraba 330. Kwa kipimo cha chini hiyo ni zaidi ya tani mbili. Skrubu ya milimita 16 ikizungushwa kwa mkono bila kujikaza sana hutoa karibu nusu tani. Klampu tano, tena. Nne utazipata kwenye tyubu, na ya tano itakuwa ya mbao, kama tutakavyoona.

Mhimili: pa kutia pesa

Skrubu ya klampu haikai ndani ya mhimili. Hukaa juu yake. Kwa hiyo kila unapokaza, mhimili unavutwa na kupindwa kwa pamoja. Ukipinda, taya zinainama, mbao zinanyanyuka katikati, na meza inatoka na mgongo.

Watu wengi huchagua tyubu ya mraba ya inchi 1 kwa 1 kwa sababu ni rahisi. Kwenye urefu wa mita 1.2, chini ya nguvu ya nusu tani, tyubu hiyo yenye unene wa milimita 2 hupinda karibu milimita 12. Tyubu ya inchi 2 kwa 1 ya unene uleule, ikisimamishwa kwa ubavu wake mwembamba, hupinda karibu milimita 3 tu. Chuma kimeongezeka mara moja na nusu. Ukakamavu umeongezeka zaidi ya mara tano. Siri iko kwenye kimo, kwa sababu ukakamavu hukua haraka sana kadiri mhimili unavyoenda juu. Tyubu hiyohiyo ikilazwa hupoteza theluthi mbili za ukakamavu wake, kwa hiyo mwambie mchomeleaji waziwazi kwamba isimame.

Unene wa chuma nao uangalie. Kuna tyubu nyepesi za kutengenezea viti na rafu ambazo ukizibana kwa vidole unahisi zinaitika. Ziache. Omba ya milimita 2, au 1.5 ikikosekana, wala usishuke hapo.

Klampu ya mbao na kabari

Asiye na pesa ya chuma leo asingoje. Mbao ya saiprasi ya 3 kwa 2 iliyonyooka na isiyo na vifundo, ikisimamishwa, ina karibu theluthi mbili ya ukakamavu wa ile tyubu ya 2 kwa 1. Ya 4 kwa 2 inaupita. Mafundi walibana kazi kwa mbao na kabari karne nyingi kabla ya skrubu za chuma kufika dukani, na njia hiyo haijapungua nguvu.

Chukua kipande cha futi 5. Upande mmoja funga gogo dogo la mbao ngumu, mkaratusi mkavu kwa mfano, kwa bolti mbili za milimita 10. Tundu lisikaribie ncha ya mhimili zaidi ya inchi 3, la sivyo ncha itapasuka. Upande wa pili toboa matundu kila inchi 4 ili gogo la pili liweze kuhamishwa kulingana na upana wa kazi.

Kabari zichonge mbilimbili. Kila moja iwe na urefu wa milimita 200, upande mnene milimita 40 na mwembamba milimita 15, yaani mteremko wa 1 kwa 8. Mteremko huo hujishikilia wenyewe: ukigonga, kabari hairudi nyuma. Weka kabari mbili zikielekeana, moja kutoka kulia na nyingine kutoka kushoto, ndipo nyuso zao za nje zibaki sambamba. Kati ya kabari na kazi weka kipande cha mbao cha kinga, kwani kabari inayosugua meza moja kwa moja huisogeza na kuikwaruza. Gonga kabari zote mbili kwa zamu, taratibu, hadi gundi ianze kutokeza kama shanga ndogondogo.

Klampu ya chuma: mwelekeze mchomeleaji

Mchomeleaji anajua kazi yake, lakini huenda klampu ya seremala hajawahi kuitengeneza. Nenda na mchoro wenye vipimo, na ubaki hapo kazi ikifanyika. Haya ndiyo ya kumweleza.

Kwanza, kichwa. Chukua bamba la chuma la unene wa milimita 6 na upana wa inchi 2, lichomelewe wima kwenye ncha ya tyubu, likipanda milimita 60 juu yake. Nyuma yake chomelea kipande cha pembetatu cha kulikaza. Toboa bamba, kisha chomelea nati mbili za milimita 16 zikifuatana. Nati moja huliwa na thredi haraka, mbili hudumu. Nati zichomelewe zikiwa zimepitishwa kwenye rodi ili zinyooke pamoja, na rodi ipakwe grisi ili cheche zisigande kwenye thredi. Kitovu cha rodi kiwe milimita 30 juu ya tyubu. Kikipanda zaidi, mhimili unapindwa zaidi.

Pili, skrubu. Rodi za thredi huuzwa za mita 1, na mita 1 inatoa vipande vinne vya sentimita 25, kimoja kwa kila klampu. Kwenye ncha ya nje chomelea nati kwa ubavu, upitishe ndani yake chuma cha duara cha urefu wa sentimita 30 kiwe mkono. Ncha zake zigongwe zipanuke ili usichomoke. Usiurefushe mkono kwa paipu: mkono mfupi ndio unaokuzuia kuponda mbao.

Tatu, taya inayosukumwa na skrubu. Hii ni bamba lililochomelewa juu ya kipande cha chuma kilichokunjwa kuizunguka tyubu, kiteleze bila kulegea. Ncha ya rodi isichomelewe kwenye taya. Ikae ndani ya kikombe, washa nene kwa mfano, na izunguke humo kwa uhuru.

Nne, taya ya nyuma. Nayo iteleze juu ya tyubu, izuiwe na pini ya milimita 10 inayopita kwenye matundu. Matundu yatobolewe kila sentimita 10, katikati ya ule upande mpana wa tyubu, kamwe si juu wala chini. Tyubu inapopindwa, upande wa juu na wa chini ndio hubeba mzigo mkubwa, na katikati karibu hapana kitu. Tundu la katikati halipunguzi nguvu. Tundu la juu linaivunja klampu kabla haijaanza kazi. Kwa kuwa skrubu inasafiri karibu sentimita 15 na matundu yameachana kwa 10, hakuna upana utakaokushinda.

Mwisho, afya. Tumia tyubu nyeusi, si iliyopakwa zinki. Zinki ikichomwa hutoa moshi mweupe unaoleta homa na maumivu ya kifua usiku uleule. Ikiwa huna budi kutumia chuma chenye zinki, isuguliwe yote mahali pa kuchomelea na kazi ifanyike nje penye upepo. Wewe uliyesimama kando usiuangalie mwanga, na watoto wakae mbali.

Njia mbili nyingine

Ukipata vichwa vya klampu vinavyofungwa kwenye paipu ya maji, vinunue. Paipu ya robo tatu inchi yenye thredi kwenye ncha inatosha, na uzuri wake ni kwamba urefu hauna mwisho: soketi moja ya mabomba inaunganisha paipu mbili. Udhaifu wake ni ule wa tyubu ya inchi 1: inapinda. Usiitumie zaidi ya futi 4 bila kipande cha mbao cha kuiinua katikati.

Kwa viti na vitu vya duara au vya pembe nyingi, kamba inashinda chuma. Izungushe mara mbili, pitisha kijiti kati ya nyuzi, ukinyonge hadi kamba ilie, kisha ukifunge kisirudi. Mafundi wa mitepe wa visiwa vya Lamu waliunganisha mbao za vyombo vya baharini kwa kuzishona na kamba za makumbi bila msumari, na vyombo hivyo vikabeba shehena. Vipande virefu vya tyubu ya baiskeli hufanya kazi hiyohiyo kwa upole zaidi na haviachi alama.

Siku ya gundi

Fanya jaribio zima bila gundi kwanza. Panga mbao, funga klampu zote, angalia kama ubao umelala sawa. Gundi nyeupe ya mbao inakupa dakika chache tu kabla haijaanza kushika, na hizo si dakika za kutafuta pini iliyoanguka.

Panga klampu kwa zamu: moja chini ya mbao, inayofuata juu. Mhimili wa chini ukipinda huinua mbao, wa juu huziinamisha, na kwa pamoja inasawazishana. Anza kukaza ya katikati, nenda kwenye ncha, kisha urudi tena. Kati ya taya na kazi weka kipande cha mbao cha kusambaza nguvu. Kati ya chuma na mbao weka karatasi ya plastiki. Chuma kikigusa gundi mbichi juu ya mbao yenye tanini, kama mkaratusi, huacha doa jeusi linalozama ndani. Eldoret tunaijua tanini: kampuni ya EATEC ilikuwa na mashamba makubwa ya miwati hapa kwa ajili ya kuitoa kwenye magome.

Acha kukaza gundi inapotokeza shanga ndogo kwa urefu wote wa kiungo. Ikimwagika kwa wingi, ulipaka nyingi mno. Isipotokea mahali fulani, mahali hapo pana njaa ya gundi au kiungo hakikurandwa vizuri. Kwa fremu ya mlango au kitanda, pima kutoka pembe hadi pembe mara mbili kwa mshazari; vipimo visipolingana, sogeza klampu iinamie upande wa mshazari mrefu hadi vilingane.

Kisha kuna baridi. Mji huu uko karibu mita 2,100 juu ya bahari, na usiku wa Julai na Agosti joto hushuka hadi karibu nyuzi 10. Katika baridi hiyo gundi nyeupe haiungani vizuri. Hubaki kama unga wa chokaa, na kiungo huachia kwa pigo dogo. Miezi hiyo tia gundi saa nne au tano asubuhi, mbao zikiwa zimeshapata joto, na uache klampu hadi kesho yake. Maelezo ya chupa yanayosema saa moja yaliandikwa kwa chumba chenye joto.

Kuzitunza katika nyumba ndogo

Nyumba nyingi za Huruma ni za kupanga, na hakuna nafasi ya karakana. Tundika klampu wima nyuma ya mlango au kwenye ukuta wa varanda kwa kulabu mbili, skrubu ikiwa juu. Futa gundi kabla haijakauka, paka nta ya mshumaa kwenye mhimili na tone la oili kwenye thredi. Piga rangi chuma kabla ya mvua za Machi, kwa sababu kutu kwenye mhimili huzuia taya kuteleza, na taya inayokwama humfanya mtu atumie nyundo pale ambapo mkono ungetosha.

Ukitaka kuanza wikendi hii, anza na klampu mbili za mbao na kabari. Zitakubania rafu ya vitabu, na zitakufundisha kusoma shanga za gundi. Fedha ikipatikana, nunua tyubu ya 2 kwa 1 ya milimita 2, uchore mchoro wako na uende kwa mchomeleaji wa jirani. Na jirani akija kuziazima, mpe, lakini mwonyeshe kwanza namna ya kuzipanga kwa zamu, moja chini na moja juu, kwa kuwa meza iliyotoka na mgongo hainyooshwi tena kwa klampu.